Sahani za Mzee Kidevu

Jina la Mzee Kidevu alipewa na wateja, na yeye hakulikataa. Miaka yote aliyokaa nyuma ya kamera, kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia watu jambo moja tu, inua kidevu, na hata bibi harusi aliyenuna siku ya harusi yake aliinua kidevu akatoka mzuri. Siku hizi harusi zinapigwa picha na vijana wenye kamera zinazorukaruka hewani kama nzi. Yeye amebakiwa na picha za pasipoti, za vitambulisho, na kutoa nakala za vyeti. Studio yake ni chumba kimoja: pazia jeupe ukutani, stuli ya kuzunguka, taa mbili, na mwavuli wa taa uliopasuka ukashonwa kwa uzi wa kijani. Nyuma ya pazia kuna kitanda, jiko la gesi na meza ndogo ya kulia. Mkewe alipofariki alihamia humo akapangisha nyumba. Alisema mtu mmoja chumba kimoja kinamtosha, na hakuna aliyemuuliza kama anasema kweli.

Kisukari kilimjia kimyakimya, kama kinavyowajia wengi. Kwanza kiu, halafu safari za chooni zisizoisha, halafu macho. Kiu angeivumilia. Macho yalipoanza kufifia, akamwambia mteja asogee kulia ilhali mteja yuko sawasawa, ndipo alipokwenda kliniki mbio. Muuguzi alimpa dawa na maneno mengi kuhusu chakula, naye akaitikia yote kwa adabu, akarudi nyumbani akapakua wali kama kawaida. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu mwenyewe alikuwa yeye, sasa nani angemwambia?

Aliyemwambia ni bintiye. Ndiye mtoto wake wa pekee, naye yuko ng'ambo, katika nyumba ya kulelea wazee. Huko anawaogesha baba za watu, anawavisha soksi, anawalisha kwa kijiko. Siku alipopata habari ya kisukari alipiga simu na kutoa amri.

"Baba, kabla hujala, piga picha unitumie. Sahani nzima ionekane, na kijiko kiwe kando nijue ukubwa wake. Na usinidanganye, mimi wazee wenye sukari nawalisha kila siku."

Mzee Kidevu akaona hii sasa ni kazi ya fani yake. Sahani ya kwanza aliipiga kwa taa zote mbili na mwavuli juu. Picha ilitoka safi, mvuke ukionekana. Simu ikalia papo hapo.

"Baba, hiyo ni sahani au kichuguu?"

Alipokata simu aliitazama tena ile picha, akaona haya. Kwa macho yake alikuwa ameona chakula cha mchana tu. Kwenye picha aliona mlima wa wali, na pembeni majani ya mboga yamejibanza kama wageni wasioalikwa. Kamera aliijua vizuri kwamba haimwonei mtu aibu. Ilikuwa ikiwaanika watu vitambi na makunyanzi yao mbele yake miaka nenda miaka rudi, sasa ilikuwa imemgeukia yeye.

Basi akajifunza. Alipanga sahani kama alivyokuwa akipanga familia kwa ajili ya picha: mboga za majani zichukue nusu, maana ndizo ukoo mkubwa, samaki au maharage yakae upande mmoja, wali au kiazi kitamu kisogee pembeni, kisiwazibe wenzake. Bintiye alipiga karibu kila siku kumsahihisha. Mafuta hayo yanang'aa, baba. Juisi hiyo imetoka wapi? Punguza hicho kiazi, kata katikati. Naye alikata katikati, akapiga picha upya. Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Kimashine cha kutoboa kidole na kupima sukari kikaanza kusoma namba nzuri, macho yakarudi, na muuguzi wa kliniki akawaonyesha wagonjwa wengine picha zake, akasema tazameni mzee huyu anavyokula kwa jicho kwanza. Mzee Kidevu alitoka pale anatembea kama aliyeposwa.

Ila mafanikio nayo yana hasara zake. Kadiri sahani zilivyonyooka, ndivyo bintiye alivyokosa la kusahihisha. Simu zikapungua, zikawa maandishi. Maandishi yakafupishwa, yakawa neno moja, vizuri. Mwishowe hata hilo neno likatoweka, ikawa kila akituma picha anarudishiwa dole gumba la njano lililosimama wima. Asubuhi dole. Mchana dole. Jioni dole. Alilichukia lile dole kwa moyo wake wote.

Mtu atauliza, kwani yeye hakuwa na vidole vya kubonyeza? Alijaribu. Bintiye alipokea kwa kunong'ona, "Baba, niko na mzee bafuni, nitakupigia," na hakupiga. Haukuwa ubaya, ni kazi tu ilimmeza. Mara nyingine alipokea akipiga miayo, akisema "mm" kila baada ya sentensi, mpaka Mzee Kidevu akamhurumia akamwambia lala mama, lala. Tangu hapo aliogopa kuwa mzigo. Mtoto analea wazee mchana kutwa, halafu akirudi kwake apigiwe simu na mzee mwingine? Alinyamaza akaendelea kutuma mboga.

Mlango wa pili ulikuwa wa Mama Keki, aliyekuwa akioka na kupamba keki za sherehe. Mzee Kidevu humpigia picha za kuwaonyesha wateja, naye Mama Keki humfulia mapazia ya studio. Alasiri moja alimletea kipande cha keki ya maziwa akipige picha, kimekatwa vizuri, krimu imemwagika kidogo ubavuni. Mzee Kidevu akakiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akaweka kijiko kando kwa mazoea, akapiga kwa simu. Kisha badala ya kubonyeza jina la Mama Keki akabonyeza jina la bintiye.

Simu ililia kabla hajaiweka mezani.

"Shikamoo baba. Hicho ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Hicho..."

"Keki? Baba, keki? Miezi yote hii tunahangaika, leo unakaa unakula keki ya krimu mchana kweupe? Sikio la kufa halisikii dawa, ndiyo hivyo?"

Alifungua mdomo aseme keki si yake. Lakini ilikuwa sauti ya bintiye nzima, sauti ya marehemu mama yake akikasirika, ikijaa studio nzima. Mzee Kidevu akafunga mdomo. Alisemwa mpaka msemaji akachoka. Na alipochoka hakukata simu. Alicheka kidogo, akasema baba, unanikumbusha mzee mmoja hapa kazini, anaficha mkate chini ya mto halafu anakana huku makombo yamemjaa kidevuni. Akasimulia mvua ya huko isiyo na ngurumo. Akauliza kama ule mwavuli wa studio bado una uzi wa kijani wa mama.

"Bado upo."

"Usije ukautupa."

"Niutupe niende wapi?"

Walizungumza mpaka simu ikapata moto sikioni. Mwishoni alimwambia, "Nimeteleza mwanangu, nisamehe," naye akasamehewa. Jioni hiyo Mzee Kidevu alikula mboga zake na samaki, akaosha sahani, akakaa kitandani akitabasamu peke yake kama mjinga.

Hapo ndipo alipoharibikiwa. Juma lililofuata alimwendea Mama Keki.

"Nipe kipande nikipige picha. Nina wazo la kukutangazia biashara."

"Chukua. Ila usikile."

"Mimi? Sukari yangu naijua mwenyewe."

Na kweli hakukila. Hakulamba hata kidole. Alikiweka kwenye sahani yake, akakimega kwa uma upande mmoja, akatawanya makombo, akaweka glasi ya soda iliyobakia robo. Mtu aliyewafanya maharusi waliogombana waonekane wamependana atashindwa na kipande cha keki? Alituma. Simu ikalia. Kipande akakirudisha mlango wa pili kikiwa na jeraha lake, Mama Keki akawapa watoto wa mtaani.

Ikawa ndiyo desturi. Siku nyingi alituma sahani nzuri, akapokea dole. Roho ikimbana, anatuma keki, au maandazi aliyoyakuta kwa watu, na sauti inakuja. Simu aliiweka kwenye stuli ya wateja, akafungua spika, akakaa mbele yake akisikiliza. Aligombezwa kwa upole, akagombezwa kwa ukali, akapewa mifano ya wazee waliokatwa miguu. Baada ya kugombezwa ndipo yalipokuja yale aliyokuwa akiyangojea: nimebadilisha chumba, dirisha langu jipya linatazama ukuta, jana nimeota niko studio nimekaa kwenye stuli nazunguka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu alikuwa akificha uzima, na hilo wahenga hawakulifikiria.

Siku moja sauti ilikuja imebadilika. Hakugomba.

"Baba, unataka nibaki na nani?" Alikuwa analia. "Nimeomba likizo. Wakinikubalia nakuja. Nitakaa na wewe, nikupikie mwenyewe, nikuone unavyokula."

Mzee Kidevu alikuwa ameshajiandaa kusema yote siku hiyohiyo. Kule kulia kulimchoma. Lakini lile neno, nakuja, lilimfunga kinywa kuliko kufuli. Alijiona anatandika kitanda, anahamia kwenye godoro mbele ya pazia amwachie kitanda. Alijiona anapakua sahani mbili. Akasema tu, "Njoo mama. Njoo."

Hakujua kwamba bintiye alikuwa amefanya na lingine. Alitafuta namba ya muuguzi wa kliniki akamtumia picha zote za keki. Siku ya kliniki Mzee Kidevu alikuta daktari anazo kwenye simu. Alikuwa daktari kijana, mpole, mwenye haraka.

"Mzee wangu, sukari yako ya leo asubuhi ni nzuri. Lakini asubuhi ya kliniki kila mtu mtakatifu. Watu wanajinyima kidogo, wanakuja hapa, wakitoka wanapitia dukani. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi iliyopita mashine yake mbovu, sasa inabidi niamini macho yangu. Hizi keki unakula?"

Mzee Kidevu alizitazama keki zake. Zilikuwa zimepigwa vizuri. Akisema hapana, muuguzi atampigia bintiye, na bintiye atairudisha likizo.

"Kidogo tu, daktari."

Daktari akaongeza dawa. Mzee Kidevu akaimeza kama ilivyoandikwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa dawa za serikali, na kwa sababu alijiambia kwamba dawa ikizidi, sukari itashuka, na kushuka si ndiko kunakotakiwa? Alikuwa fundi wa mwanga. Mambo ya damu hakuyajua.

Alianguka mchana, kazini. Mwalimu mmoja alikuja kupiga picha ya pasipoti, akakaa kwenye stuli, akajiweka sawa. Mzee Kidevu aliinama kwenye kamera akaanza, "Inua..." Neno la pili halikuja. Alilitafuta neno alilokuwa amelisema maisha yake yote asilione. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope, mikono ikatetemeka, akaishika miguu mitatu ya kamera akaenda nayo chini. Mwalimu alipiga yowe, na Mama Keki akaja na mikono yake yenye unga. Mama mzazi wa Mama Keki alikuwa na kisukari, hakuhitaji kuambiwa. Alirudi mbio akaja na sukari ya kupambia keki, akaikoroga kwenye maji, akamwinua kichwa akamnywesha kidogokidogo, akimwambia meza, meza baba, usilale.

Macho yalipotulia, alimpa mkate, akangoja mwalimu aondoke.

"Umekula nini leo?"

"Samaki na mboga."

"Na dawa?"

Akamwonyesha. Mama Keki akazitazama, akamtazama. "Nani kakuongezea hizi, na kwa nini?"

Akamweleza yote, tangu siku ya kubonyeza jina la bintiye badala ya lake. Mama Keki alikaa kwenye stuli, akaanza kucheka, cheko likamfia njiani.

"Kwa hiyo keki zangu ndizo zilikuwa zinakutafutia mtoto."

"Ndiyo."

"Mpigie umwambie."

"Nikimwambia haji."

Mama Keki aliinuka kwenye stuli. Alifuta unga mikononi kwa muda mrefu, ingawa ulikuwa umekwisha. "Atakuja akute nini?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo, akaondoka.

Mzee Kidevu alikaa na simu. Alimtaka mtoto wake. Alimtaka vibaya, alitaka kusikia ndala zake zikiburuzika nyuma ya pazia, alitaka mtu wa kumwambia umelala na taa inawaka. Kama angenyamaza kidogo tu, wiki chache, angempata. Angemeza dawa nusu, nani angejua? Aliliwaza hilo wazo mpaka mwisho wake. Huko mwisho akamwona bintiye amekaa kwenye kitanda cha nyuma ya pazia anapanga upya maisha yake yote, kaacha kazi, kaacha kila kitu, kwa ajili ya keki ambazo hakuna aliyezila. Akapiga.

"Baba? Niko kazini. Kuna nini?"

"Zile keki sikuzila."

"Sijakuelewa."

"Za jirani. Nilikuwa nazipiga picha narudisha. Sijala hata moja. Leo dawa imenizidi nguvu nimeanguka, lakini niko mzima."

Nyuma ya bintiye mzee wa watu alikuwa anaita dada, dada.

"Kwa nini, baba?"

"Ukiona mboga unanitumia dole. Ukiona keki unanipigia."

Alisikia mlango unafungwa upande wa pili, sauti ya yule mzee ikapotea. Bintiye aliposema tena, sauti haikuwa na hasira. Hasira ingekuwa afadhali.

"Mimi ndiye niliyepeleka zile picha kliniki. Unajua hilo?"

"Najua."

"Ungekufa, ningekuwa nimekuua mimi."

Hilo Mzee Kidevu hakuwa ameliona. Alikuwa ameyapima yake yote, upweke wake, aibu yake, likizo aliyoitamani, na hakuwahi kusimama mahali alipo mtoto. Kabla hajaomba radhi, simu ilikatwa.

Kesho yake alikwenda kliniki akasema ukweli mbele ya daktari na muuguzi. Daktari alirudisha dawa ilivyokuwa, akasema maneno makali ambayo Mzee Kidevu aliyastahili. Muuguzi zile picha zake nzuri hakuwaonyesha tena wagonjwa wengine. Nyumbani alipakua, akapiga picha, akatuma. Hakuna kilichorudi. Akatuma jioni. Akatuma kesho, na keshokutwa, mboga nusu, samaki, kiazi kilichokatwa katikati, kijiko kando. Alama zilionyesha picha imefika na imetazamwa. Hata lile dole alilokuwa akilichukia sasa alilitamani, angelipokea kwa mikono miwili. Mama Keki alipopita mlangoni aliuliza kama amejibiwa, naye akatikisa kichwa.

Zikapita siku nyingi za namna hiyo, mpaka akazoea kutuma bila kungoja, au akajiambia amezoea.

Mchana mmoja alikuwa ndiyo kwanza amepakua, maharage na mboga za majani na kijipande cha kiazi. Alikuwa bado anatafuta simu ilipo ili apige picha, akaisikia inalia kwenye stuli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Alikaa chini. "Picha sijatuma bado. Ndiyo kwanza nimepakua."

"Najua."

"Kuna tatizo?"

"Hamna."

Alingoja agombezwe. Hakugombezwa.

"Ile likizo nimempa mwenzangu," bintiye akasema. "Mama yake anaumwa. Mwaka huu siji, baba."

"Umefanya vizuri," akasema Mzee Kidevu, na alikuwa anasema kweli ingawa hakutaka iwe kweli. "Sasa ulikuwa unasemaje, mama?"

"Sina cha kusema. Nimepiga tu."

Simu haikukatwa. Alimsikia anapumua, akasikia kiti kinavutwa, kisha kijiko kikigonga bakuli.

"Unakula?"

"Nakula. Na wewe kula, kitapoa."

Akaiegemeza simu kwenye jagi la maji, akavuta sahani bila kuipiga picha. Akala polepole, asije akamaliza kabla yake.